Mistari ya uga sumaku isikatike ndani ya kompyuta

Programu yangu ya kwanza ya kuiga mtiririko wa plazima, yaani gesi yenye chembe za umeme, ilinitesa wiki kadhaa. Gesi niliyoiweka itulie ilianza kutambaa, ikiambaa na mistari ya uga sumaku, polepole, kisha kwa kasi, mpaka shinikizo likawa hasi na programu ikafa. Hakukuwa na kitu cha kuisukuma huko. Kani ya sumaku huisukuma plazima kwa pembe mraba na uga. Haiwezi kuisukuma kuufuata uga.

Chanzo kilikuwa daivajensi, yaani tofauti kati ya uga unaotoka kwenye kisanduku na unaoingia, ambayo kwa sumaku lazima iwe sifuri. Mstari wa uga sumaku hauna mwanzo wala mwisho: ukiingia kwenye kisanduku, lazima utoke. Milinganyo yenyewe hulitunza sharti hilo, lakini tukiigawa nafasi kuwa seli, hitilafu za ukadiriaji huacha mabaki, kana kwamba ndani ya seli imezuka sumaku yenye ncha moja. Mwaka 1980 Brackbill na Barnes walionyesha kwamba mabaki hayo huzaa kani ya uongo inayosukuma sambamba na uga. Ndiyo niliyokuwa naitazama.

Dawa zipo kadhaa. Powell aliongeza vipengele vinavyoyafanya mabaki yabebwe na mkondo. Dedner na wenzake, mwaka 2002, waliyafanya yasambae kama wimbi huku yakififia. Kwenye gridi zenye maumbo magumu hizi mara nyingi ndizo rahisi. Mimi nimeipenda njia ya Evans na Hawley ya mwaka 1988, kwani mabaki hayazaliwi kabisa.

Chukua seli moja, mchemraba. Msongamano na nishati viweke katikati, lakini uga sumaku uweke kwenye nyuso sita, kila uso na kiasi kinachoupenya. Kwenye kingo 12 weka uga umeme. Kwa sheria ya Faraday, sumaku inayopenya uso hubadilika kwa jumla ya uga umeme ukiuzunguka uso huo ukingo kwa ukingo. Sasa jumlisha mabadiliko ya nyuso zote sita. Kila ukingo ni mpaka wa nyuso mbili, na mizunguko ya nyuso hizo huupitia kwa mielekeo iliyo kinyume: huku unajumlisha, kule unatoa. Kingo zote 12 zinafutana! Hata ukiwa umeukadiria uga umeme vibaya, jumla ni sifuri, ukiacha tarakimu za mwisho ambazo kompyuta huzikata.

Ugumu umehamia kwenye kuupata huo uga umeme wa ukingoni. Kanuni kama HLLD ya Miyoshi na Kusano (2005), inayokadiria kinachopita kati ya seli mbili jirani, hukupa thamani za nyusoni, na kila ukingo unakutanisha nyuso nne. Usichukue wastani mtupu. Upe uzito upande mkondo unakotoka.

Shinikizo hasi nalo lina sababu yake nyingine. Nishati ya sumaku ikiwa 1000 na ya joto 1, kosa la asilimia 0.2 tu kwenye sumaku ni 2, na ukiitoa nishati ya sumaku kwenye nishati ya jumla ili upate ya joto, unaweza kuangukia chini ya sifuri.

Tena, njia hii hutunza daivajensi uliyoanza nayo, hata ikiwa mbovu. Kwa hiyo siujazi uga wa mwanzo moja kwa moja kwenye nyuso. Naiweka potensheli ya vekta, yaani uga saidizi ambao mzunguko wake huzaa uga sumaku, kwenye kingo, kisha nauzungukia kila uso kwa hesabu ileile.