Je, kila kilichomo ndani ya gari kimeshalipiwa?

Wengi huamini kwamba ukishalipia gari, kila kifaa kilichomo ni chako kukitumia daima. Kwa magari ya zamani ilikuwa hivyo kweli.

Katika baadhi ya magari mapya, kifaa hufungwa kiwandani lakini programu hukizuia kufanya kazi mpaka ulipe ada ya mwezi au mwaka. Hata viti vya kupasha joto vimewahi kuuzwa hivyo Uingereza (kwa joto la Dar, hicho pengine tungekiacha). Kuwasha gari kwa simu au kuona foleni kwenye ramani ni suala tofauti kidogo: huduma hizo hutegemea intaneti na mitambo ya kampuni, nazo mara nyingi hutolewa bure kwa muda, kisha hulipiwa. Pia huweza kufungamana na akaunti ya mmiliki wa kwanza, au na nchi gari lilikouzwa.

Ukinunua gari lililotumika, washa menyu ya kioo cha dashibodi utafute tarehe za kuisha kwa huduma. Jaribu kila kitufe. Muuzaji akisema "hii inafanya kazi", mwombe akuonyeshe papo hapo.