Kwaya nne, wimbo mmoja: tunayodhani na yalivyo

Kila shule zikikaribia kufunga napigiwa simu ileile: "Mwalimu, tuandae tamasha la vijana, kila shule ilete kwaya yake, mwisho waimbe wote pamoja." Anayepiga huwa ameshapanga viti, maji na mgeni rasmi. Wimbo wenyewe anaamini utajiimba.

"Wakiwa wengi, sauti itaezua paa"

Haitaezua. Kwaya ya watoto 40 ukiiongezea nyingine ya 40, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huipata kwa mbali. Kwaya nne, watoto 160, ni desibeli 6. Msikilizaji aone sauti imekuwa maradufu, zinatakiwa desibeli kama 10, yaani kwaya kumi mahali pa moja. Kinachoongezeka kweli ni unene: yule anayekwaruza na yule anayeishiwa pumzi katikati ya neno wanamezwa na wenzao. Mwalimu anayepiga kelele "pazeni sauti, leo tuko wengi!" anaubomoa unene huohuo.

"Kila kwaya inaujua wimbo, basi wote wanaujua"

Tamasha langu la kwanza la pamoja liliharibikia kwenye mashine ya kopi. Karatasi ya nota ilikuwa na mstari mmoja mdogo juu kabisa: Do ni G, yaani Do, nota ya msingi, iwe ile sauti iitwayo G kwenye kinanda. Shule moja ikapata kivuli cha kivuli, juu pamekatika. Mwalimu wao akachagua Do iliyowafaa watoto wake, akakaa nayo miezi miwili. Siku ya mazoezi ya pamoja kila kwaya iliimba bila kosa, na zote kwa pamoja zikatoa mlio wa nyuki waliochokozwa mzingani.

Solfa, yaani nota za do, re, mi, ambayo Mchungaji John Curwen wa Uingereza aliieneza karne ya 19 akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, inakuonyesha nota iko mbali kiasi gani na Do. Do yenyewe iko wapi, haikuambii. Ndiyo sababu kwaya zetu nyingi zimekua nayo bila kinanda, na ndipo mtego ulipo. Si kwamba haifai kwa mikusanyiko: mwaka 1857 maelfu ya watoto waliofundishwa kwa solfa waliimba pamoja kwenye jumba la Crystal Palace, London. Ila lazima Do iwe moja, na mapema, kwa sababu koo nalo lina kumbukumbu. Wale watoto tuliwashusha siku ileile, na kabla ya ubeti wa pili walikuwa wamesharudi kwao juu. Siku hizi nairekodi Do na kuwatumia walimu wote kwa WhatsApp, wiki ya kwanza kabisa.

"Msikilize mwenzako, mtaenda sawa"

Hii ndiyo ninayogombana nayo zaidi, kwa sababu ndani ya darasa ni kweli kabisa. Uwanjani inageuka sumu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Panga kwaya nne bega kwa bega, safu ya mita 34: anachosikia wa mwisho kutoka kwa wa kwanza kimechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Wimbo ukiwa wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo ameshaachwa nyuma sehemu ya tano ya pigo. Yeye anamsubiri mwenzake amsikie ndipo aimbe, mwenzake naye anamsubiri yeye, na wimbo unaanza kuburuzika kama mkokoteni kwenye matope.

Mkono unaonekana papo hapo. Ndiyo maana mwongozaji hapungi mikono kwa mapambo, na ndiyo maana naomba asimame juu ya kitu, hata meza mbili zilizofungwa pamoja. Katika Uwanja wa Nyimbo wa Tallinn, Estonia, uliofunguliwa mwaka 1960, mwongozaji hupandishwa juu kabisa ili maelfu ya waimbaji wamwone. Ngoma nayo ikae katikati. Ukiiweka pembeni kwa sababu ya picha, upande wa pili utaipata imeshapoa.

"Bendi itoe Do, kwaya ifuate"

Bendi gani? Tarumbeta ya kawaida ya shule mchezaji akisoma C, inatoka B-flati. Saksafoni ya alto akisoma C, inatoka E-flati. Waambie "pigeni C" utapata vitu viwili, na kinanda kitakupa cha tatu. Sema jina la sauti unayotaka isikike, kila mmoja atafute yake. Halafu kuna jua. Hewa ndani ya tarumbeta ikipata joto, sauti inapanda. Waya za gitaa zikipata joto zinalegea, sauti inashuka. Ala mlizotyuni saa mbili asubuhi zitakuwa zimeachana saa sita mchana. Tyuni tena, dakika tano kabla ya kupanda jukwaani.

"Yai bichi linalainisha sauti"

Chakula hupita kwenye umio, nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa. Yai likizigusa, mtoto haimbi, anapaliwa. Mpe maji, tena tangu asubuhi, maana maji huzifikia nyuzi baada ya kuzunguka mwilini.

"Mvulana anayevunja sauti akae pembeni"

Zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, linakua, nyuzi za sauti zinarefuka, sauti inashuka karibu oktavo nzima, yaani kutoka Do hadi Do ya chini yake. Kinachomuumiza ni kulazimishwa kupanda kule alikokuwa mwaka jana. Mimi humpa mstari wa nota nne au tano zilizobaki imara, hata kama ni "u" ndefu chini ya besi. Ukimweka pembeni mwaka mmoja, mwaka unaofuata yuko kwenye mpira, na wewe unalalamika huna waimbaji wa sauti ya tena.

"Aliyezimia jukwaani hakunywa chai"

Mara nyingine, ndiyo. Lakini nimeona walioshiba wakianguka vilevile, wakati mgeni rasmi amechelewa na watoto wamesimama wima magoti yamekazwa. Misuli ya miguu isipotembea, damu hutuama chini na ubongo unapungukiwa. Akianguka, mlaze, inua miguu, acha nafasi hewa ipite, wala usimwinue haraka. Kabla ya hapo, huwa nawaambia walegeze magoti na wachezeshe vidole vya miguu ndani ya viatu. Kutoka mbele hakuna anayeviona.