Je, pombe ndiyo inayopiga?

"Ni pombe tu, akiwa mzima hana neno." Utetezi huu wa anayempiga mwenzi wake umezoeleka, na una chembe ya ukweli: ulevi huongeza hatari ya kipigo na ukubwa wa majeraha. Lakini wanywaji wengi hawapigi wenzi wao, na wapo wapigaji wasioonja hata tone. Tena mlevi huyohuyo humwogopa baunsa baani; ngumi huzitunza hadi nyumbani. Mzizi mara nyingi ni imani kwamba mwenzi ni wa kutawaliwa, hasa kwa aliyekua akiona mama akipigwa (si wote, la). Kinachopunguza hatari ni kuamua mambo pamoja, elimu, na ndugu wasiomwambia anayepigwa "vumilia". Kumkagua mwenzi simu na kumtenga na jamaa zake ni dalili nzito, si chupa tu.