Tenki Bila Mfuniko Si Tenki Wazi

"Fundi, nitafutie kufuli, hili gari tenki lake liko wazi." Maneno haya nimeyachoka. Kila pikapu ya Ford isiyo na mfuniko wa kuzungusha ikiingia gereji yetu hapa Ngamiani, Tanga, mwenyewe huja na mfuniko wa ufunguo aliouchomoa kwenye Hilux, anataka niulazimishe uingie. Hauingii, na hauhitajiki.

Ukifungua kile kimlango cha bodi, unakuta kilango chenye springi, na nyuma yake kingine chenye raba ya kuziba. Hicho cha ndani ndicho kinachoshika mvuke wa mafuta, kazi ileile ya mfuniko. Vishikizo vyake vimekaa pembeni na havifunguki mpaka visukumwe pande zote kwa pamoja na kitu chenye unene wake. Nozeli ya petroli ina kipenyo cha milimita 21 hivi, ya dizeli 24 hivi. Mpira mwembamba wa kunyonyea mafuta, ule wa vibaka, hauzigusi pande zote; unagonga na kurudi. Mwizi wa mpira anapata tabu zaidi hapo kuliko kwenye Hilux ya zamani iliyopoteza mfuniko, shingo imezibwa kwa tambara. Wala si mtindo wa jana: Ford waliuweka kwenye Ford GT ya 2005, wakauingiza kwenye magari ya kawaida ya toleo la 2008, na pikapu ya F-150 ikaupata kwenye toleo la 2009.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba wenye magari wenyewe ndio wanaougeuza uzushi huo kuwa kweli. Gari linaishiwa mafuta njiani kwenda Pangani, dumu linaletwa na bodaboda, faneli ya kawaida haipenyi. Basi bisibisi inatolewa, kilango kinabanjuliwa, chupa ya maji iliyokatwa kitako inasokomezwa. Springi inalegea, raba inakunjika. Kuanzia siku hiyo kweli tenki liko wazi, kwa vumbi, kwa maji ya kuoshea gari, kwa mvua za masika. Kwenye injini ya dizeli maji hayo yakifika kwenye pampu na nozeli za injini, bei yake unaijua. Na yote hayo wakati gari lilitoka kiwandani na faneli yake maalumu, yenye mdomo wa unene wa nozeli ya sheli! Huwa imefichwa kwenye vifaa vya gari, pamoja na jeki na spana ya tairi. Itafute leo. Kama aliyekuuzia gari aliitupa, nunua nyingine kabla hujafikiria kununua zulia wala redio. Habari ya faneli nitaisema mpaka mnichoke nami.

Moyo ukikataa kutulia, zipo plagi za kufunga kwa ufunguo zilizotengenezwa kwa shingo za aina hii. Nunua ya modeli ya gari lako, usinichongeshe ya Hilux.

Kilango kikikataa nozeli ya sheli, usikimbilie kusema kimekufa. Kwenye magari mengi ya dizeli yenye mfumo huu, kilango kinataka nozeli pana. Ukiwekewa ya petroli hakifunguki, na hapo kimekuokoa. Mfuniko wa kufuli hauna msaada huo: ukishautoa, nozeli ya petroli inazama kwenye shingo ya dizeli bila kugusa kingo.

Wenye mifuniko ya kufuli nao wana imani yao, kwamba wizi umekwisha. Umekwisha wa mdomoni mwa tenki tu. Mwizi aliyekusudia analala chini ya gari, anakata mpira wa mafuta au anatoboa tenki, halafu unalipia mafuta na tenki. Na yale yanayoibwa na dereva wako mwenyewe, ambaye ufunguo umempa wewe, kufuli halihusiki.

Kuna na hili la kuweka nailoni chini ya mfuniko ili mafuta yasimwagike. Jamani! Mfuniko una vali ya kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Ukiiziba, tenki linajivuta, mafuta hayapandi, gari linazima katikati ya mlima wa Amani. Ukifungua mfuniko unasikia "psss", ukipiga stata linawaka. Watu wamebadilisha pampu nzima kwa kosa la nailoni. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, mimi bado naikuta shingoni mwa tenki. Mafuta yakimwagika, raba ya mfuniko imekauka, badilisha raba. Na hiyo mifuniko ya kufuli ya bei ya kutupa, mingine haina vali kabisa, kwa hiyo nenda dukani na wa zamani mkononi ulinganishe kabla ya kulipa.

Kupaka grisi kwenye tundu la ufunguo? Hapana. Chumvi ya bahari yetu inashikisha kutu, hilo kweli, lakini grisi inakusanya vumbi mpaka ufunguo unakatikia ndani. Tia unga wa grafaiti kidogo, uzungushe mara kadhaa. Ufunguo wa akiba uache nyumbani, si kwenye dashibodi ya gari hilohilo.