Je, wajua kwa nini chuo kikifunguliwa, wagonjwa huongezeka mjini?

Septemba 2020, wanafunzi waliporejea vyuoni La Crosse, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, korona ililipuka miongoni mwao. Haikupita muda, wazee waliotunzwa kwenye makao ya mjini nao wakaanza kuugua. Watafiti waliposoma vinasaba vya virusi, wakakuta ni vya ukoo uleule uliokuwa ukizunguka kwa wanafunzi. Wazee hawaendi mihadharani. Vilifikaje?

Wengi hulaumu darasa. Mimi ningetazama bweni kwanza: chumba cha watu wawili au wanne, bafu la pamoja, bwalo moja, na mwisho wa wiki sherehe. Tena muhula unapoanza, vijana hutoka kila pembe na vijidudu vya kwao, wakakutana na miili isiyovizoea. Ndiyo maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaolala bwenini huwa katika hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria waitwao meningokoki. Bakteria hao mtu aweza kukaa nao kooni na asiumwe hata siku moja.

Na hapo ndipo penye kazi. Anayeumwa hulala, asiyejijua ana ugonjwa huenda kwenye kibarua chake mkahawani, dukani, au kwenye makao yaleyale ya wazee. Wapishi na wafagizi wa chuo nao hurudi kwao jioni. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kaunti zenye vyuo vikuu vikubwa vilivyofundisha ana kwa ana ziliona maambukizi yakipanda kwa takriban asilimia 56 katika wiki 3 za kwanza za muhula. Zile ambazo vyuo vyake vilifundisha mtandaoni, yalishuka kwa asilimia 18 hivi.

Lakini msongamano huohuo hurahisisha kuukamata ugonjwa mapema, kwani bweni zima humwaga maji taka yake kwenye bomba linalojulikana. Agosti 2020 Chuo Kikuu cha Arizona kilipima maji ya bweni moja, kikakuta alama za virusi. Watu 311 wakapimwa. Wawili wakakutwa na maambukizi, na hakuna kati yao aliyekuwa na dalili.