Kaka Mrefu si «long»: Kufundisha Sifa za Ndugu kwa Kifaransa

Kila mwaka, ninaposahihisha insha za kwanza za kidato cha pili kuhusu familia, hukutana na sentensi hii: «Mon frère est long.» Mwanafunzi amekusudia kusema kwamba kaka yake ni mrefu. Wiki moja kabla alijifunza kwamba barabara ndefu ni «une longue route», na kwa kuwa kwa Kiswahili barabara na kaka hushirikiana kivumishi kimoja bila ugomvi, hakuona sababu ya kutafuta neno jingine. Sarufi yake haina kosa hata moja. Kosa lipo kwenye neno, na limetoka katika lugha ambayo rasmi haikuwamo darasani.

Nafundisha Kifaransa Dar es Salaam, katika shule ya sekondari ambayo lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Miaka yangu ya mwanzo nilieleza vivumishi vya Kifaransa kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa mwenyewe na ndivyo vitabu vyetu vya kiada vilivyopangwa. Ilinichukua muda kukubali kwamba wanafunzi wangu walikuwa wakisikiliza kwa Kiingereza, wakifikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa, na kwamba ile lugha ya katikati, ambayo hakuna aliyeitaja, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kubwa zaidi, mara nyingine kwa faida na mara nyingine kwa hasara. Siku hizi naiita ubaoni tangu kipindi cha kwanza.

Faida zake ni nyingi kuliko walimu wengi tunavyodhani. Kivumishi cha Kiingereza hukaa mbele ya nomino na hakibadiliki, kwa hiyo mwanafunzi anayepitia huko huona upatanisho wa Kifaransa kama adhabu. Mtoto aliyekua akisema «kaka mrefu, kaka warefu, kisu kirefu, visu virefu» hawezi kushangazwa na lugha yenye jinsia mbili tu, kwa kuwa yeye amezoea ngeli zinazozidi hizo mara kadhaa. Wala hashangazwi na «son» na «sa» (yaani -ake), ambavyo hufuata kinachomilikiwa na si mmiliki, kwa sababu «kitabu chake» nacho hakisemi kama mwenye kitabu ni Juma au Asha. Ninachofanya ni kuandika ubaoni «Sa mère a quarante ans» na chini yake «Mama yake ana miaka 40», kisha nanyamaza. Huwa haipiti hata dakika kabla mmoja hajasema kwamba Wafaransa nao «wana» miaka kama sisi, na kwamba kilichohama ni kimilikishi tu, kimekwenda mbele.

Hata vighairi vina jamaa zake kwetu. Wanafunzi hulalamika kwamba «timide» (mwenye haya), «calme» (mtulivu), «jeune» (kijana) na «sévère» (mkali) havibadiliki kati ya mwanamume na mwanamke, nami huwauliza mbona «hodari» hakipokei kiambishi: mjomba hodari, wajomba hodari. (Hapo sharti niwaonye kwamba «s» ya wingi haisamehewi: «mes tantes sont timides».) Wanapouliza kwa nini tuseme «mon amie», kwa «mon» ya kiume, ilhali rafiki huyo ni wa kike, nawaomba waunganishe mu-, asili ya m-, na -embamba. Hawasemi «muembamba», wanasema «mwembamba», kwa kuwa ulimi hukwepa irabu mbili zinazogongana. Kifaransa hukwepa vilevile kinapochagua «mon» badala ya «ma», na kinaposema «un vieil oncle» (mjomba mzee) badala ya «un vieux oncle».

Hasara zipo katika msamiati, na hapo ndipo ninapotumia muda mwingi. Kwa -refu peke yake natenga kipindi kizima cha dakika 40. Nachora mtu, nywele, ghorofa na kisima, kisha darasa linagundua kwamba Mfaransa ana maneno manne: mtu ni «grand», nywele ni «longs», ghorofa ni «haut» na kisima ni «profond». Tukitoka hapo tunakwenda kwa -kubwa, ambako mambo ni matamu zaidi. «Mon frère est grand» ni kaka mrefu, lakini «mon grand frère» ni kaka mkubwa, aliyenitangulia kuzaliwa, awe na kimo chochote. Kuna mwaka mvulana mmoja aliandika «Mon grand frère est petit», na jirani yake akamkatia mstari kwa kalamu nyekundu akisema sentensi inajipinga yenyewe. Niliwaomba wote wawili waitamke kwa Kiswahili: kaka yangu mkubwa ni mfupi. Mstari mwekundu ukafutwa, na tangu siku hiyo mfano huo naurudia kila mwaka, kwa kuwa unaeleza nafasi ya kivumishi vizuri kuliko jedwali lolote. Mwenye kutaka kukwepa utata anaweza kutumia «aîné» na «aînée», au «cadet» na «cadette» kwa mdogo.

-kali nacho kimenipa baba mmoja «piquant», yaani baba mwenye ladha ya pilipili. Baba mkali ni «sévère», na kisu kikali ni «tranchant».

Kuhusu rangi, vitabu tulivyonavyo vimetuangusha. Picha zake ni za familia zenye nywele «blonds» na «roux», yaani za rangi ya dhahabu na nyekundu, na mwanafunzi huyakariri maneno hayo bila kumpata ndugu hata mmoja wa kumvika. Mimi huanza na wanachokiona nyumbani: «les cheveux crépus» (nywele za kipilipili), «les cheveux tressés» (nywele zilizosukwa), bibi mwenye mvi ambaye «a les cheveux blancs», babu mwenye upara ambaye «est chauve». Ngozi inahitaji uangalifu zaidi. Tukisema dada fulani ni mweupe, kila mtu mtaani anaelewa kwamba ni Mwafrika wa rangi ya kung'aa, lakini «Ma sœur est blanche» itamfanya Mfaransa awaze Mzungu. Neno salama ni «elle a le teint clair», na kwa mweusi «le teint foncé». Macho ya kahawia ni «les yeux marron», bila «s», kwa sababu «marron» ni jina la tunda lililoazimwa kuwa rangi, kama sisi tunavyosema maji ya kunde.

Mahali ambapo Kiswahili hakitusaidii kabisa ni kwenye «yeye», neno moja kwa wote, ilhali Kifaransa kina «il» kwa mwanamume na «elle» kwa mwanamke. Mwanafunzi hodari kabisa ataanza vizuri na «Ma grand-mère est gentille» (bibi yangu ni mpole), na sentensi ya tatu bibi amekuwa «il». Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya sikio. Nafundisha umbo la kike la kivumishi kwanza, «petite, grande, grosse, intelligente», kwa sababu ndilo lenye konsonanti ya mwisho inayosikika. La kiume hupatikana kwa kuikata. Shida ni kwamba silabi zetu huishia kwa irabu, kwa hiyo «petite» hugeuka «petiti». Nawaambia waweke kiganja mbele ya mdomo na kuhisi pumzi ya «t», kisha wafunge papo hapo. Darasa la watoto 50 wakipumulia viganja ni kichekesho kwa anayepita barazani, lakini wanaofanya hivyo kwa wiki mbili huacha kuchanganya.

Limebaki suala la majina yenyewe ya ndugu, kwa kuwa huwezi kumsifu usiyejua umwiteje. «Mdogo wangu» halisemi kama ni wa kike au wa kiume, na Kifaransa hakikubali kuendelea bila kujua. Baba mdogo na mjomba wote huwa «oncle», shangazi na mama mdogo wote «tante», na anayetaka kutenganisha huongeza «paternel» (wa upande wa baba) au «maternelle» (wa upande wa mama). Mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu ni ndugu kamili, huko ni «cousin», jambo ambalo wanafunzi wengine hulipokea kama tusi. Mama mkwe na mama wa kambo wamewekwa pamoja katika «belle-mère», kihalisi «mama mrembo». Msichana mmoja aliinua mkono akauliza kama anaruhusiwa kuandika «Ma belle-mère n'est pas belle», yaani si mrembo. Nilimjibu kwamba kisarufi sentensi ni sahihi kabisa, na kwamba daftari asiliache sebuleni.