Je, wajua kwa nini herufi za majarida ya mitindo ni nyembamba kama unywele?

Tazama jina la Vogue kwenye jalada lake. Mkono mmoja wa V ni mnene, wa pili karibu haupo. Herufi za ukoo huu, yaani Didot na Bodoni, zilianza kama majigambo ya wachapaji: wembamba ule ulionyesha kwamba mtu ana karatasi, wino na mafundi ambao wenzake hawana.

Karatasi za Ulaya za zamani zilikuwa na mifuo ya nyaya za kichujio kilichotumika kuzitengeneza, hivyo mstari mwembamba ulikatika juu yake. John Baskerville, mchapaji wa Birmingham, Uingereza, alilivalia njuga tatizo hilo. Alitumia karatasi laini na wino mweusi tititi, kisha akakandamiza kurasa kwa joto. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kilitoka mwaka 1757.

Lawama hazikukosekana. Mwaka 1760 Benjamin Franklin, mchapaji wa Marekani, alimwandikia Baskerville kuhusu bwana mmoja aliyedai kwamba mistari myembamba ya Baskerville itawapofusha wasomaji. Franklin alimpa bwana huyo sampuli ya herufi za Caslon, mchonga herufi mwingine wa Uingereza, akamwambia ni za Baskerville. Mjuzi wetu akaanza kuzitaja kasoro moja baada ya nyingine!

Miaka ya 1780, Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma walikwenda mbali zaidi. Umbo walilolifuata ni la kalamu ya ncha kali: ukiikandamiza, ncha inapanuka na mstari unanenepa; ukiilegeza, unabaki uzi. Bodoni alisimamia kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma, kwa hiyo hakuwa na haja ya kubana karatasi. Aliacha pambizo pana mno, na nadhani nusu ya umaridadi wa kazi zake umo katika weupe ule.

Kwa nini basi herufi hizi huumiza macho katika aya ndefu? Zamani kila ukubwa ulichongwa peke yake, na fundi aliunenepesha kidogo mstari mwembamba katika herufi ndogo. Kompyuta huchukua mchoro mmoja na kuupunguza, nyuzi zikapotea. Ndiyo maana mchoraji wa fonti Jonathan Hoefler, alipolitengenezea jarida la mitindo la Harper's Bazaar Didot yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliichora kwa saizi saba tofauti.

Hata namba iliyo katika jina la fonti Bodoni 72, inayokuja na kompyuta za Apple, ni ya saizi: pointi 72, kama sentimita mbili na nusu. Imechorwa kwa kichwa cha habari. Anayeupanga mkataba mzima kwa fonti hiyo katika pointi 10 asishangae wateja wakitafuta miwani.